Unaangalia imeili mara ngapi kwa siku? Maswali na majibu kutoka kwa nesi

Mimi ni nesi na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuzunguka maofisini kuongea na wafanyakazi kuhusu presha, mgongo, macho, usingizi na mambo kama hayo. Sasa kuna kitu kila nikienda kinajirudia na wala hakimo kwenye vipeperushi ninavyobeba, watu wamechoka na imeili. Na sio kuziandika, ni ile kuzichungulia chungulia kutwa nzima. Nimeyaandika hapa maswali ninayoulizwa sana, nimeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza, majibu ndio nimeyarefusha kidogo maana pale ofisini nusu saa inaisha haraka.

Sista, kwani kuangalia imeili nako ni afya? Si ni kazi tu?

Ni kazi ndio, ila mwili wako ndio unaoifanya hiyo kazi. Ngoja nikupe mfano. Kuna kaka mmoja wa uhasibu alinibishia kabisa kwamba yeye imeili anaangalia "mara chache tu", nikamwambia sawa, chukua hiyo risiti ya EFD hapo mezani, geuza nyuma, kila ukifungua imeili kwenye simu au kompyuta hata kama ni sekunde mbili chora kijiti. Nimerudi mchana kumuona, vijiti 31. Vimepangwa tano tano vimejaa mpaka pembeni. Nikamuuliza katika hizo 31 ngapi zilikuwa na kitu cha kukushughulisha kweli, akafikiria, akasema nne. Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau, "hizi nyingine hata sikumbuki kama nilifungua".

Na wala sio yeye peke yake. Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa wafanyakazi 40 wa kazi za ofisini, hawakuwauliza kwa mdomo bali kompyuta ndio ilikuwa inahesabu, wastani ukatoka mara 77 kwa siku. Ukiwauliza watu wenyewe wengi wanakutajia namba ndogo sana, sio kwamba wanadanganya, mkono unaenda wenyewe.

Mbona najua kabisa hakuna kipya lakini bado nafungua?

Hili swali nalipenda maana linamuondolea mtu lawama. Fikiria mvuvi wa ndoano. Ingekuwa samaki anakula chambo kila saa moja kamili, mvuvi angeenda zake kulala akarudi saa ikifika. Lakini samaki hana ratiba, anaweza kuja sasa hivi au asije mpaka jioni, ndio maana mvuvi anakaa hapo hapo macho kwenye kamba. Imeili ndivyo ilivyo. Kumi za kwanza ni matangazo na taarifa za kikao, ya kumi na moja ni hela imeingia au bosi kakusifia, na wewe hujui ya kumi na moja inakuja saa ngapi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwahi kuonyesha kwa njiwa na panya kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio ndiyo inayojenga tabia ngumu kuiacha, ngumu kuliko ile inayokuja kila mara. Kwa hiyo usijiite mvivu au mtu asiye na msimamo, umefundishwa na hicho kisanduku na umefundishika vizuri.

Inaweza kunipandishia presha?

Nijibu kwa uangalifu hapa. Sitakuambia imeili ndio imekupa ugonjwa wa presha, presha ya kudumu ina mambo mengi, umri, chumvi, uzito, kurithi, kutofanya mazoezi, pombe. Lakini stresi ya muda mfupi inapandisha mapigo ya moyo na presha kwa wakati ule, hilo halina ubishi, na kuna jaribio moja dogo la mwaka 2012, la huyo huyo Gloria Mark na wenzake, walichukua wafanyakazi 13 wakawakatia imeili siku tano za kazi, wakawavalisha vifaa vya kupima moyo. Walipokuwa na imeili moyo ulikuwa umekaa kwenye hali ya tahadhari muda mrefu, haulegei. Zilipokatwa mapigo yakarudi kupanda na kushuka kama inavyotakiwa kwa mtu aliyetulia. Pia waliacha kurukaruka toka dirisha moja la kompyuta kwenda lingine, ilishuka karibu nusu. Watu 13 ni wachache nakubali, ila walichokipima kilikuwa mwilini, sio maoni.

Kitu kingine, jichunguze pumzi. Linda Stone, aliyewahi kufanya kazi Apple na Microsoft, aligundua mwaka 2007 hivi kwamba akifungua imeili anabana pumzi bila kujua, akaanza kuangalia wengine nao akaona wengi wapo hivyo hivyo. Jaribu leo, ukibonyeza tu inboksi sikiliza kifua chako. Mimi nilipojaribu nilikuta nimebana na mabega yamepanda mpaka karibu na masikio. Ukijikuta hivyo shusha mabega, toa pumzi taratibu mpaka iishe, ndio usome.

Na tafadhali kama una dawa za presha endelea nazo, usije ukasema sista kasema niache kuangalia imeili presha itashuka. Sijasema hivyo.

Sasa mara ngapi ndio sawa?

Hakuna dozi iliyoandikwa. Ila kuna utafiti naupenda, wa Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ulitoka mwaka 2015. Watu wazima 124, wiki moja waliambiwa waangalie imeili mara tatu tu kwa siku na wazime alamu zote, wiki nyingine waangalie kadiri wanavyotaka, yaani mtu yule yule analinganishwa na yeye mwenyewe. Wiki ya mara tatu stresi ilikuwa chini. Na kazi haikulala, walijibu imeili karibu zile zile ila kwa muda mfupi zaidi, maana ukikaa kuzijibu kwa mkupuo hupotezi muda wa kuingia na kutoka. Wapo walioshindwa kufikia tatu kamili, wakaangalia zaidi kidogo, kujizuia ni kazi.

Kwa hiyo mimi nawaambia anza na saa tatu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi jioni. Kama kazi yako ni kuhudumia wateja na mara tatu haiwezekani weka kila baada ya saa moja, bado ni nafuu kubwa kuliko kila dakika. Lakini cha kwanza kabisa kabla ya ratiba yoyote ni kuzima notifikesheni, ile sauti na ile namba nyekundu, ukiziacha hizo ratiba yako haifiki hata siku ya pili.

Bosi anatuma imeili saa nne usiku, nisipojibu kesho nitaonekana vipi?

Hapa ndipo pagumu na sitaki kujifanya ni suala la mtu kujirekebisha peke yake. Mwaka 2018 William Becker wa Virginia Tech na wenzake walionyesha kwamba hata kama mfanyakazi hajafungua imeili usiku, ile tu kujua kwamba anategemewa afungue inamletea wasiwasi, na inamfikia mpaka mwenzi wake nyumbani. Ndio maana unakuta mtu yuko mezani na wanawe anakula ugali ila macho yako kwenye simu iliyofunikwa.

Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima mawasiliano baada ya kazi. Kenya nako Seneta Samson Cherargei aliwahi kupeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Wewe usisubiri sheria, ongea. Wengi wanaogopa kuongea kumbe bosi mwenyewe anatuma usiku kwa sababu ndio watoto wake wamelala na wala hategemei jibu saa hiyo. Sema hivi, "Bosi, imeili za usiku nitakuwa nazisoma asubuhi saa tatu, ila ikiwa ni dharura nipigie simu, nitapokea". Hiyo ya kupiga simu ndio inayofanya kazi, maana inamhakikishia hujamkimbia, na utashangaa simu zitakavyokuwa chache. Na ukiwa wewe ndio bosi, andika usiku ukitaka ila panga itumwe asubuhi, programu nyingi za imeili zina hicho kitufe.

Macho yananiwasha na shingo inauma, ni imeili?

Ni skrini kwa ujumla. Ukikodolea macho skrini unapepesa mara chache sana kuliko kawaida na jicho linakauka. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6, kwa sekunde 20. Shingo nayo, inua simu ije usawa wa macho badala ya kuinamisha kichwa. Ikiuma zaidi ya wiki mbili au mkono ukafa ganzi, nenda hospitali.

Mimi sina kazi, nasubiri imeili ya skolashipu, naamka usiku kuangalia. Nifanyeje?

Aliyeniuliza hivi ni binti aliyekuwa anajitolea kwenye ofisi niliyokwenda, alinisubiri wenzake watoke, akasema "shikamoo sista", akanyamaza kidogo, halafu akaniambia anaamka saa tisa usiku kila siku, anawasha data, anarifreshi, hakuna kitu, anazima data bando lisiishe, anawasha tena. Miezi miwili. Macho yamemuingia ndani.

Nimekutana na wengi wa hivi, wanaosubiri ajira, viza, majibu ya chuo, na naona tunawasahau kabisa tukiongelea stresi ya imeili kana kwamba ni ya wenye maofisi tu. Kwanza usingizi uliokatwa hapo katikati hauji kirahisi, mwanga wa skrini na ule mshtuko wa "labda leo" vyote vinauamsha ubongo. Nilikaa naye tukafanya mambo matatu. Tuliangalia kama fomu ilikuwa na tarehe ya majibu, ilikuwepo, bado wiki tano, hakuwa ameiona. Tukaingia kwenye folda ya spamu tukahakikisha hakuna kilichopotelea huko. Kisha tukaweka alamu ya imeili kwa anwani ile moja tu ya wale wa skolashipu, nyingine zote kimya, kwa hiyo simu isipolia ajue hawajaandika.

Nikamwambia pia, kama kukosa usingizi kutaendelea zaidi ya wiki mbili hivi, au hamu ya kula ikapotea, au ukaanza kuona afadhali usingekuwepo, usikae nalo, hilo la mwisho hasa usisubiri hata siku moja, mwambie mtu wa karibu na uje kituo cha afya, kuna watu wa kuongea nao.

Nilimuona tena baada ya kama mwezi. Simu siku hizi inalala jikoni juu ya friji la mama yake, asubuhi anachemsha chai, anakunywa, ndio anaichukua. Jibu lilikuwa bado halijaja. Analala mpaka alfajiri.