Dirisha la Moshi usilipeleke Ngaramtoni

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinitumia picha kwenye WhatsApp. Dirisha zuri kweli: fremu nyeusi, kioo kimoja kipana kuanzia karibu na sakafu mpaka kwenye lenta, pazia jeupe nyuma yake. Chini ya picha kaandika, "Fundi, nataka haya. Nyumba mbili, yangu ya Pasua hapa Moshi na ya mdogo wangu Ngaramtoni, Arusha. Tukichukua pamoja utatupunguzia?"

Kupunguza ningepunguza. Nilichokataa ni dirisha hilo hilo kwenda nyumba zote mbili. Akadhani nazungusha maneno ili nimuuzie aina mbili. Nikamjibu, mama yangu, siku ukija Arusha panda gari la alfajiri, halafu tutaongea.

Anayeijua barabara ile ananielewa. Mwezi wa 7 unapanda Kosta stendi ya Moshi na shati la mikono mifupi. Weruweru, Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, bado uko sawa. Maji ya Chai abiria wanaanza kufunga vioo. Ukifika Tengeru jirani yako anachomoa sweta kwenye begi, na wewe uliyeliacha lako kitandani unabana mikono kwapani. Ni kilometa 80 tu, lakini Moshi mjini iko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, na Arusha mjini ni kama mita 1,400. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kuna nyuzi 3 za tofauti kabla hujahesabu mawingu ya Meru na upepo wake, na Ngaramtoni iko juu zaidi ya mjini.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza rangi ya fremu namuuliza mteja hivi: chumba hiki kitakusumbua saa ngapi? Wa Moshi hunijibu saa 10 jioni mpaka usiku wa manane. Wa Ngaramtoni hunijibu saa 11 alfajiri. Kwa wa kwanza natengeneza dirisha la kufungua, kwa wa pili natengeneza dirisha la kufunga. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama zote zinaitwa madirisha.

Niseme zaidi kuhusu Moshi, maana huko ndiko ninakokuta makosa ya pesa nyingi. Januari ya mwaka juzi niliitwa Soweto kwa mzee mstaafu. Nilifika kama saa 10 jioni nikamkuta chini ya mwembe, kiti cha plastiki, redio pembeni. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Usikae, ingia kwanza ndani usikie mwenyewe."

Sebule ilikuwa imeelekea magharibi. Dirisha la futi 8 kwa 5, kioo cha giza, sehemu kubwa haifunguki kabisa. Juu tu kulikuwa na vibawa viwili vya kusukuma nje, upana wa daftari. Niliweka kiganja kwenye kioo nikakiondoa upesi. Mzee akasema aliambiwa kioo cha giza kinakata joto. Kilichokuwa kinakatwa pale ni mwanga. Mchana wote alikuwa anawasha taa. Kioo cheupe cha kawaida cha milimita 4 kinapitisha kama asilimia 85 ya joto la jua. Cha giza kinapitisha kidogo kuliko hapo, sawa, lakini joto kinalozuia kinalimeza chenyewe, kinachemka, kisha sehemu yake kinaitema ndani. Ukikaa karibu nacho ni kama umekaa na jiko lisiloonekana.

Joto la jua unalizuia nje, kabla halijagusa kioo. Likishaingia umechelewa, pazia litakusaidia kidogo tu. Na hapa jiografia yetu inatupendelea, ila mafundi wengi hatuitumii. Tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa 6 mchana jua halitoki mbali na utosi. Mwezi wa 6 linaegemea kaskazini, likiwa nyuzi 63 hivi juu ya upeo. Mwezi wa 12 linaegemea kusini, nyuzi 70. Upenu wa sentimita 60 kwenye ukuta wa kaskazini unateremsha kivuli cha sentimita 120 hivi saa hiyo ya Juni, na kwenye ukuta wa kusini unateremsha zaidi ya sentimita 160 saa hiyo ya Desemba. Yaani dirisha la futi 4 linafunikwa karibu lote, kama lenta haiko mbali na paa. Bila kununua kitu. Mashariki na magharibi upenu haukusaidii hata ukiurefusha, kwa sababu jua linakuja limeinama, linapita chini ya bati na kuingia mpaka kwenye kochi.

Yule mzee nyumba ilishajengwa, hatukuweza kuigeuza. Tulitoa kioo cha katikati, pande zote mbili tukaweka luva, yaani vipande vya vioo vya kuinamisha, na nje nikamfungia nguzo mbili na waya. Mke wake akapanda pasheni. Sasa hivi jua la jioni linaishia kwenye majani, na mwembe umebaki na kuku.

Kuhusu luva najua mtanicheka. Watu wanaziona za kizamani, za nyumba za walimu na za idara. Lakini hebu piga hesabu. Slaidi, yaani dirisha la kuteleza, ya futi 5 kwa 4 ina futi za mraba 20, ukifungua unapata 10, kwa sababu bawa moja lazima lijifiche nyuma ya jingine. Weka wavu wa mbu, na Moshi ya chini wavu si hiari, nao unakula fungu lake la hewa. Umebaki na kidirisha. Luva inafunguka karibu yote, na mvua ya wastani ikinyesha huna haja ya kukimbia kufunga, unainamisha vioo tu. Ubaya wake ni kwamba haizibi sawasawa na mwizi anaweza kuchomoa kioo kimoja kimoja. Kwa mwizi kuna grili. Kwa kutoziba, Moshi hiyo ni sifa.

Jambo jingine la Moshi, na hili wazee wa pale wanalijua bila kufundishwa: usiku hewa inashuka kutoka mlimani. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka mteremko kama maji, na kwa kuwa mji uko kusini mwa Kilimanjaro inakufikia kutoka kaskazini. Mchana inageuka, inapanda kutoka tambarare. Chumba chenye uwazi kaskazini na mwingine kusini kinapata zote mbili. Chenye dirisha moja, hata liwe kubwa namna gani, hewa haina pa kutokea. Najua hofu ya kulala madirisha wazi, sote tunaibiwa. Ndiyo sababu nawaomba wanaojenga warudishe matundu ya hewa juu ya lenta, yale ya tofali la urembo, na wavu wake kwa ndani. Sijui ni nani aliyetuambia ni ushamba. Yanafanya kazi umelala, yanatoa joto lililopanda darini, na hakuna mtu anayepita pale.

Sasa upande wa baridi: Ngaramtoni, Olmotonyi, au huko juu Marangu na Machame, maana mkoa wa Kilimanjaro nao una baridi yake.

Wazee wa Kichagga waliishi kwenye msonge usio na dirisha hata moja, moto katikati. Hawakuwa wajinga wa mwanga. Walijua adui wa usiku ni hewa inayopenya. Slaidi, kwa jinsi ilivyotengenezwa, haiwezi kuziba kabisa: bawa lazima lipate nafasi ya kuteleza, na pengo hilo linazibwa na manyoya membamba ambayo baada ya miaka michache yamelala. Ukitaka kujua dirisha lako likoje, amka saa 11 alfajiri, washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu kwenye kingo za fremu. Moshi ukipinda, hapo ndipo shuka lako linapoibiwa joto. Kwa baridi naweka dirisha la bawaba lenye mpira kuzunguka, na komeo linalovuta bawa likaukandamize ule mpira. Likifungwa limefungwa.

Fremu nayo ina neno. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Asubuhi ya Julai ishike uone. Mvuke wa chai, wa jikoni, na pumzi za watu wanne waliolala chumba kimefungwa, vyote vinatafuta mahali pa baridi zaidi pa kutulia, na mahali penyewe ni fremu na kioo. Ndiyo yale maji unayoyakuta chini ya dirisha, halafu kuvu jeusi kwenye kona ya plasta. Nimeshaitwa mara nyingi kuziba "dirisha linalovuja" kumbe ni jasho la nyumba. Fungua dakika 10 kila asubuhi, hata kama kuna baridi, litapungua sana. Mninga au mkongo mkavu haulii hivyo, ila nasisitiza neno mkavu. Mbao mbichi itapinda kabla hujahamia.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukishaziba nyumba yako ikazibika, usilete jiko la mkaa chumbani. Najua Juni na Julai watu wengi hufanya hivyo, makaa yakishakuwa mekundu yasiyo na moshi wanaona ni salama. Gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mkaa mwekundu unaitoa. Dirisha bovu linalopitisha upepo limewahi kuokoa maisha ya watu bila wao kujua.

Jua la asubuhi huku juu ni mali. Chumba cha kulala kikitazama mashariki kinaamka na joto, na sebule ikitazama kaskazini inapokea jua la miezi ya baridi, siku mawingu yakiliachia. Upenu upande huo nisingeurefusha sana.

Naulizwa mno siku hizi kuhusu madirisha ya vioo viwili, yenye nafasi ya hewa katikati. Ni kazi nzuri. Yanapitisha kama nusu ya joto linalopita kwenye kioo kimoja. Kwa mtu anayejenga loji kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu, na anapasha vyumba moto, nitamshauri achukue bila kusita. Kwa nyumba ya Moshi isiyo na kiyoyozi, inayolala madirisha wazi, ni sawa na kununua chupa ya chai ya bei mbaya halafu usiifunike.

Kisongo, Mererani, Same, adui ni vumbi. Reli ya slaidi inajaa, vigurudumu vinasaga mchanga, na mwaka wa pili bawa halisogei bila kupigwa teke. Weka bawaba na mpira. Sina la kuongeza.

Mvua ndiyo iliyonifundisha kwa aibu. Mwaka 2016, masika, nilikuwa nimemaliza nyumba Njiro, slaidi tupu, zimenyooka. Usiku mmoja simu inaita: "Fundi, njoo uone sebule yangu." Nikamkuta mwenye nyumba na ndoo, zulia limekunjwa ukutani. Reli ya chini ilikuwa imejaa maji kama mfereji wa ndizi, yanamwagika kwa ndani. Sehemu ile huwa na vitundu vidogo upande wa nje vya kutolea maji, na mimi mwenyewe nilivitoboa. Asubuhi nikamuuliza kijana wangu. Akasema, "Si ulisema nizibe kila mahali pasivuje?" Alivijaza silikoni vyote, kimoja kimoja, kwa ustadi mkubwa. Nilikaa na msumari siku nzima nikivizibua. Tangu hapo kabla sijapokea malipo ya mwisho namimina lita moja ya maji kwenye kila reli, mwenye nyumba akiwa nje anaangalia yakitoka. Nawe mwambie fundi wako afanye hivyo.

Vile vioo vya kung'aa kama vya kujitazamia, ambavyo watu huweka ili wasionekane: mchana kweli hawakuoni. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, wewe huoni nje na barabara nzima inakuona unakula ugali. Pazia bado utanunua.

Yule mama alikuja Jumamosi, na Kosta ya saa 12. Alishuka amejifunga kanga mbili mabegani, hakuniambia kitu, akacheka tu. Pasua tumekubaliana madirisha kaskazini na kusini, luva juu na bawaba chini, wavu ndani, magharibi tundu dogo la stoo basi. Ngaramtoni bawaba tupu, madogo, yenye mpira. Ile picha yake tumeipatia nafasi moja: sebule ya mdogo wake, ukuta unaotazama kaskazini, Meru ikionekana siku inapotaka.

Kesho nakwenda kupima. Nilimwomba mdogo mtu tukutane saiti saa 12 asubuhi tuone upepo unatokea wapi. Kanijibu, "Fundi, saa hizo kwetu baridi. Njoo saa 4."