Siku ya kubadilisha abiria si siku ya bandari: dhana potofu kuhusu safari mbili za meli zinazofuatana

Mimi huwauzia watu safari za meli za kitalii, na wengine hununua mbili zinazofuatana kwa meli ileile: ya kwanza inaishia bandarini, ya pili inaanzia hapohapo siku ileile. Kwamba hiyo siku ya katikati ni bandari tu, wiki hii nimeisikia mara tatu. Mara ya tatu ilitoka kwa mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyepanda meli za kitalii zaidi ya mara kumi, na aliisema kwa utulivu wa mtu anayemfunza kijana kazi: "Mwanangu, meli ni ileile, chumba ni kilekile, basi safari ni moja. Hiyo siku ya katikati ni bandari kama bandari nyingine." Nikamwitikia, "Sawa, mzee, nitakuandikia." Ndiyo haya.

"Meli ni ileile, kwa hiyo safari ni moja"

Kwako wewe ni moja. Kwa meli ni mbili, na kinachoziunganisha ni nguo zako zilizoning'inia kabatini tu. Asubuhi ile hesabu yako ya wiki nzima inafungwa na kadi ya benki inatozwa. Kifurushi cha vinywaji kinaisha, cha intaneti kinaisha, na mara nyingi hata kadi ya kufungulia mlango wa chumba inakufa mpaka upewe nyingine. Mchana inafunguliwa orodha mpya ya abiria, na jina lako linaingia humo kama la mtu ambaye hajawahi kukanyaga sitaha ile. Wewe ni mgeni. Bahati yako ni kwamba unajua lifti iko upande gani.

Watu wanaumia zaidi kwenye saa. Bandari ya kawaida mnaijua: meli inafunga gati asubuhi, mnashuka, mnazurura, mnarudi nusu saa kabla ya kuondoka. Siku ya kubadilisha abiria meli hufika alfajiri, na wanaomaliza safari hushushwa kwa makundi mpaka kama saa 3 au saa 4 asubuhi. Hapo ndipo vyumba vinasafishwa, shehena ya chakula inaingizwa na mafuta yanajazwa. Kwenye saa 5 au saa 6 mchana wapya wanaanza kupanda, na saa 10 au saa 11 jioni meli imeondoka. Mteja anapiga hesabu harakaharaka na kuona ana saa nane za kutembea. Hana.

Kwanza, mlango wa kupandia unafungwa mapema. Kampuni nyingi huufunga saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya kuondoka, na wewe siku hiyo unahesabiwa pamoja na wanaopanda. Si ukali wa mlinzi. Meli inayotoka bandari ya Marekani inatakiwa iwe imewasilisha orodha yake ya abiria kwa forodha na ulinzi wa mipaka si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka. Orodha ikishakwenda inaonyesha hukurudi, hata nahodha awe shemeji yako, imekula kwako.

Pili, zoezi la usalama. "Nilishalifanya wiki iliyopita," wananiambia, tena kwa kunung'unika. Zamani kanuni za kimataifa za usalama wa meli, yaani SOLAS, ziliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24 tangu abiria wapande. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia ikaondoka Civitavecchia jioni, ikagonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio usiku uleule, na watu 32 wakafa. Abiria waliopandia Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Lilipangwa kufanyika siku iliyofuata. Tangu tarehe 1 Januari 2015 zoezi ni kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Kampuni nyingi hutaka hata anayeendelea na safari alirudie, na sioni ubaya wowote, maana ukibadilishiwa chumba huenda na kituo chako cha kukusanyikia kimebadilika. Siku hizi kwenye meli nyingi unatazama video kwa simu, unakwenda kituoni, kadi yako inasomwa, umemaliza. Anayebishania dakika hizo chache simwelewi, na nimeacha kujaribu kumwelewa.

Tatu, na hili ndilo limenitia mvi: jina la mji kwenye tangazo si jina la mahali meli inapofunga. "Roma" ni Civitavecchia, kilomita kama 80 kutoka Roma yenyewe. "London" mara nyingi ni Southampton, kilomita kama 130. "Venice" nayo ina hadithi yake: tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mfereji wa Giudecca, na safari nyingi zinazouzwa kwa jina la mji huo sasa zinaanzia Ravenna, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Fungua ramani, tafuta gati, siyo mji.

Nina wateja, mume na mke, walioshuka Civitavecchia saa 3 asubuhi kwenda Roma kuuona uwanja wa kale wa Colosseum. Kwenda walikwenda vizuri. Foleni ikala muda, chakula cha mchana kikala muda, treni ya kurudi ikachelewa. Mlango ulifungwa saa 9 na nusu alasiri. Teksi iliwashusha gatini saa 10 kasoro dakika kumi. Meli ipo. Kamba bado zimefungwa, moshi unatoka bombani, na kwenye sitaha ya juu watu wameshika glasi wanawapungia mkono wakidhani wamekuja kuaga. Ngazi imeshavutwa. Mezani pa wakala wa bandari, yule anayeshughulikia mambo ya meli nchi kavu, kulikuwa na bahasha ya kahawia yenye pasipoti mbili. Wahudumu walikuwa wamefungua kasha la chumbani wakazitoa, wakamwachia. Dawa za presha za mume, chaja za simu na nguo zote za wiki mbili zilikuwa ghorofa ya nane, zikielekea baharini. Walisimama pale karibu nusu saa wakiitazama mpaka ikaondoka.

Kanuni yangu, na wateja wangu wananicheka kwayo: saa 7 mchana uwe umeshaupa mgongo mji. Kama gati liko mbali na mji, saa 6. Nambari ya simu ya wakala wa bandari huchapwa kwenye gazeti la kila siku la melini. Ikate uiweke mfukoni, kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika pale unapoihitaji. Na saa zote nawaandikia kwa mtindo wa meli, 15:30, tangu siku nilipomwambia mtu kwa mdomo "saa tisa na nusu" naye akaseti kengele ya 9:30. Ililia asubuhi akiwa anapiga mswaki. Akaizima.

"Mimi sishuki, nitabaki nalala, kwa hiyo viza hainihusu"

Inategemea uko bandari gani. Katika bandari nyingi za Ulaya unaweza kubaki melini bila mtu kukusumbua. Katika bandari za Marekani, hapana: meli lazima ihesabiwe sifuri, yaani asibaki abiria hata mmoja ndani, ndipo maofisa waruhusu wapya wapande. Abiria wa mpito, yaani mnaoendelea na safari ya pili, mnakusanywa ukumbini, mnapewa kadi, mnasindikizwa hadi uhamiaji na pasipoti zenu mkononi, mnakaguliwa kama watu walioingia nchini, maana mmeingia nchini. Kisha mnasubiri sifuri. Siku nzuri mnarudi ndani kabla ya foleni ya wapya kuanza. Siku mbaya kuna mmoja amejifungia bafuni, jina lake linaitwa kwenye spika mara ya nne, na kufikia jioni meli nzima inamfahamu.

Kwa hiyo viza inakuhusu. Na swali si "ninayo?" Swali ni "inaniruhusu kuingia mara ngapi?" Mtu anapata viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja, safari ya kwanza inazunguka Hispania, Ufaransa na Italia, hana tatizo. Safari ya pili inapita Tunis au bandari ya Uturuki. Pale ametoka eneo la Schengen, na viza yake imekwisha kazi hata kama siku zimebaki kumi. Omba ya kuingia mara nyingi, na kwenye maombi onyesha ratiba za safari zote mbili, usionyeshe ya kwanza tu. Siku ya katikati nayo inaingia kwenye ukomo wa kukaa Schengen, siku 90 ndani ya kila siku 180, ulale hotelini au melini gatini. Usitegemee ushauri wa rafiki aliyesafiri zamani: Croatia, kwa mfano, iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo kusimama Dubrovnik kulikokuwa kunakutoa nje sasa hakukutoi. Uingereza iko kivyake, na inataka viza yake.

"Tiketi ni mbili, basi hakuna sheria itakayozijumlisha"

Hapa nitajipinga mwenyewe. Nimesema safari ni mbili, na kwa meli ni mbili. Kwa sheria moja ya Marekani ya mwaka 1886 inayohusu meli za abiria, zinaweza kuhesabiwa moja. Sheria hiyo inazuia meli yenye bendera ya kigeni, yaani iliyosajiliwa nje ya Marekani, na karibu meli zote kubwa za kitalii ni za bendera ya kigeni, kumchukua abiria kwenye bandari moja ya Marekani na kumshusha kwenye bandari nyingine ya Marekani bila kupitia bandari ya kigeni iliyo mbali. Canada, Mexico na Bahamas hazihesabiwi kuwa mbali. Aruba, Bonaire na Curaçao zinahesabiwa.

Sasa chukua safari ya Los Angeles hadi Vancouver, Canada, kisha kwa meli hiyohiyo Vancouver hadi Whittier, Alaska, ambako ni Marekani tena. Kila moja peke yake ni halali. Ukiziunga kwa meli moja, umesafirishwa kutoka Los Angeles hadi Whittier, na kampuni inatozwa faini kwa kila abiria, faini ambayo mkataba wa tiketi kwa kawaida unairudisha kwako. Ndiyo maana mfumo wakati mwingine unakataa kukuuzia ya pili, na wewe unanipigia kulalamika kwamba kompyuta yangu mbovu. Badilisha meli pale Vancouver na tatizo linaisha. Safari za kuanzia na kuishia bandari ileile, Miami hadi Miami kisha Miami hadi Miami, hazina neno.

"Nitachukua ziara ya meli, kwa hiyo itanisubiri"

Soma mstari wa mwisho wa maelezo ya ziara. Nyingi za siku hiyo zimetengenezwa kwa wanaoondoka, na zinaishia uwanja wa ndege. Nilishapokea simu ya mama mmoja akiwa kwenye basi: "Mwanangu, mbona tunaona ndege?"

"Bima yangu inafunika safari zote"

Bima nyingi za mwaka mzima zina ukomo wa siku kwa kila safari, mara nyingi siku 30 au 45. Bima huhesabu tangu ulipotoka nyumbani mpaka uliporudi, haijali meli inaziita safari ngapi. Piga simu uulize, dakika tano.

"Siku ile meli inakuwa tupu, unajistarehesha peke yako"

Hii ina ukweli, na ndiyo raha ya siku yenyewe. Kuna kipindi, kama saa moja kabla ya wapya kupanda, bwawa halina mtu na viti vyote vya kivulini ni vyako. Ukiniuliza mimi, hiyo saa moja inashinda foleni ya Colosseum. Ila maduka na kasino vimefungwa kwa kuwa meli iko bandarini, migahawa mingi haijafunguliwa, na mhudumu wa chumba chako ana vyumba vingi vya kugeuza kabla ya mchana. Usimwitie taulo.

"Usiku wa mwisho kila mtu anaweka begi nje ya mlango"

Kila mtu anayeondoka. Kama unabaki chumba kilekile, usiguse kitu. Ukihamia chumba kingine melini humohumo, funga vidogovidogo, nguo zilizo kwenye hanga ziache zilivyo. Wahudumu huzibeba na hanga zake. Ukihamia meli nyingine, hapo ndipo unafunga kila kitu, na ulizia mapema kama gati lina mahali pa kuhifadhi mizigo, maana si kila gati linapo.

Dada mmoja aliona korido imejaa mabegi usiku, akadhani amesahau, akafunga lake upesi, akalitoa na kulala. Asubuhi akaamka na nguo ya kulalia na ndala za bafuni. Viatu, pasipoti na sidiria vilikuwa kwenye ukumbi wa forodha, katikati ya mabegi elfu kadhaa, lake jeusi kama yale mengine, halina hata utepe. Alilipata saa 5. Tangu hapo kila mteja wangu wa safari mbili namtumia utepe wa rangi ya chungwa, na ujumbe wa maneno manne usiku wa mwisho: begi libaki ndani, tafadhali.