Herufi "a" sita kwenye samaki wa kukaanga

Wiki iliyopita nilimaliza bango la mama mmoja anayekaanga sato Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Alitaka maandishi yaliyochangamka, "kama ya mkono wa mtu". Nikachagua fonti ya mwandiko wa mkono, herufi nene zinazorukaruka, nikachapa "Samaki wa kukaanga". Akaitazama kwenye simu, akaniuliza: "Mwanangu, mbona kama zimepigwa muhuri?"

Ni kweli kabisa. Hesabu mwenyewe: maneno hayo matatu yana herufi 16, na sita kati yake ni a. Zote sita zilikuwa na mkia uleule, tundu lilelile, zimelala upande uleule. Mkono wa mtu hauandiki hivyo. Na kwa Kiswahili huna pa kulifichia kosa hilo, maana silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na a ndiyo inayojirudia kuliko zote. Kwenye "kukaanga" zimekaa mbili ubavu kwa ubavu. Jicho linazinasa papo hapo.

Fonti nzuri ya aina hii huwa na maumbo mawili matatu ya herufi moja, pamoja na maelekezo ya kuyapokezanisha kadiri unavyochapa. Mfumo unaowezesha hilo ni OpenType, wa Microsoft na Adobe. Kabla hujalipia, chapa "dagaa", chapa "karanga", uone. Chapa na "ng'ombe": ritifaa, ile alama ya ', isipokuwemo, programu huazima ya fonti nyingine, na neno zima linaharibika. Leseni nayo isome, kwa sababu fonti nyingi za bure haziruhusiwi kwenye kazi ya biashara.

Yangu ilikuwa na a moja tu. Nikayageuza maandishi kuwa mchoro, nikaishika kila a peke yake: moja nikailaza kidogo, nyingine nikaipandisha juu ya mstari, na ile ya pili kwenye "kukaanga" nikaifungua tundu kwa juu, kama kalamu iliyokuwa na haraka. Mama alipoliona tena akacheka, akasema nichapishe.

Mwaka 1994 Vincent Connare wa Microsoft alimwona mbwa wa katuni kwenye programu akizungumza kwa fonti rasmi ya Times New Roman, akaona haviendani kabisa. Hapo ndipo ilipoanzia fonti ya Comic Sans. Hiyo ndiyo kazi ya fonti za namna hii: kumpa msemaji sauti yake. Mama muuza sato, kadi ya kipaimara, mlango wa darasa la chekechea, zote zinazihitaji.

Bei na namba ya simu sikuziandika hivyo. Kwenye fonti ile 1 na 7 zinafanana, na mteja aliye juu ya bodaboda anazisoma kwa sekunde mbili. Hizo nikaziweka kwa herufi zilizonyooka, nyeusi juu ya njano.