Nyumba kujaa watu si ndo mzazi kasaidiwa

Huku kwetu Pemba mtu akijifungua utasikia "yule hana shida, nyumba nzima watu", mama mkwe yupo, mawifi wapo, uji wa pilipili manga unapikwa, basi tunaona kishamaliza. Si kweli jamani. Kuhesabu vichwa sio kupima msaada, kinachopimwa ni kile mzazi mwenyewe anachohisi anacho, ndo maana lile dodoso la kupima msaada mtu anaohisi anao, la mtafiti Zimet na wenzake la 1988, lina maswali 12 tu, linamuuliza mtu kuhusu familia, marafiki na yule mtu wake wa karibu, haliulizi mko wangapi nyumbani.

Nilikwenda kumtazama jirani yangu Wete, siku ya 12 hivi, ukumbi umejaa wageni na yeye kakaa kitandani mtoto begani, anaitikia salamu huku macho mekundu. Nikamuuliza, jana usiku nani kakupokea mtoto ukalala? Kanyamaza, akaanza kukunja nepi ile ile mara ya pili.

Kwa hiyo uliza vitu vya kushikika: nani anakufulia, nani anakushikia mtoto ukaoga bila ya haraka, mtoto akipanda homa usiku unampigia nani, na ukitaka kulia unalia kwa nani bila ya kuambiwa huna shukurani. Hilo la mwisho ndo wengi hawana. Baba naye muulizeni, yeye huulizwa pesa tu. Na arobaini ikisha, kila mtu akarudi kwao, hapo ndo muulize tena.