Smart TV ya bei nafuu: lipia kioo kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kwenye kazi yangu ya ufundi ni hili: "Fundi, ile smart ya inchi 32 wanayouza chini ya laki nne, nichukue?" Mara nyingi jibu langu ni ndiyo. Ila anayeuliza huwa anaangalia vitufe vya YouTube na Netflix kwenye rimoti, wakati mimi nawaza yaliyoko nyuma ya kioo: taa, bodi na umeme. Umri wa TV yako unaamuliwa huko.

Ukinunua smart TV unanunua vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna kioo na taa zake, na kuna kompyuta ndogo inayoendesha programu. Kompyuta ndiyo huzeeka kwanza, hata kama haijaharibika. Aprili 2015 YouTube iliacha kufunguka kwenye smart TV nyingi za mwaka 2012 kurudi nyuma, kwa sababu mfumo wa zamani ambao programu yake ilitumia kuwasiliana na seva ulizimwa. Desemba 2019 Netflix ikaacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Hizo hazikuwa TV za bei ya chini zilipotoka, na vioo vyake vilikuwa bado vizima.

TV za bei nafuu hufika huko mapema zaidi. Nyingi zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 na hifadhi ya GB 8, na sehemu kubwa ya hifadhi hiyo imeshachukuliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka programu hata moja. Programu zinakua kila zikisasishwa, TV inabaki ilivyo. Baada ya muda unabonyeza YouTube, unakwenda kuinjika chai, unarudi bado inazunguka.

Lakini hilo lina dawa. "Smart" ikichoka, unachomeka kisanduku kidogo cha Google TV au Fire TV kwenye tundu la HDMI na maisha yanaendelea. Kioo kikipasuka au kikiota mistari, dawa hamna, maana bei ya kioo peke yake hukaribia bei ya TV nzima, na fundi mkweli atakwambia uachane nayo. Kwa hiyo pesa yako ipime ubora wa kioo, taa na bodi kwanza. Hizo programu zihesabu kama nyongeza.

Sasa neno "Android" kwenye boksi. Kuna Google TV au Android TV iliyothibitishwa na Google, na kuna Android ya wazi, ambayo kiwanda chochote kinaweza kuichukua bure na kuipachika kwenye TV bila kuomba ruhusa. Kwa nje zinafanana. Ya pili utaikuta na mpangilio kama wa simu au tableti, na Netflix yake ama inagoma ama inaonesha picha yenye ukungu, kwa kuwa ruhusa ya kuonesha picha safi hutolewa kwa vifaa vilivyothibitishwa tu. Nembo kwenye boksi isikutoshe. Google huweka kwenye tovuti yake orodha ya kampuni washirika wa Android TV. Itafute hapohapo dukani kwa simu. TV zenye webOS, Tizen au VIDAA zina programu chache kidogo, ila hiyo ni mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya TV, na mimi sina wasiwasi nayo.

Hapa pana jambo zito kuliko ukungu wa Netflix. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa programu hasidi, vingi vikiwa visanduku vya TV na vifaa vingine vya Android ya wazi, na vingine vikiwa vimeambukizwa kabla havijafika kwa mnunuzi. Ukishainunua TV ya aina hiyo, usiingize akaunti ya Google unayoitumia kwa barua pepe za kazi, picha na nywila zako. Fungua akaunti nyingine ya TV tu. Tafadhali sana, hili lifanye.

Kuhusu 4K, yaani kioo chenye nukta nyingi za picha kuliko HD na Full HD, nitakufanyia hesabu. Jicho zima hutofautisha vitu viwili vilivyopishana kwa takribani pembe ya dakika moja (sehemu moja ya 60 ya nyuzi), ambayo kwa umbali wa mita 2 ni kama milimita 0.58. TV ya inchi 32 ya HD, yenye nukta 1366 kwa upana, ina nukta za milimita 0.52. Maana yake ukikaa mita 2 hata hizo za HD huzioni moja moja. Inchi 43 ya Full HD nayo ni karibu milimita 0.5. Kwenye inchi 55 ndipo Full HD inafika milimita 0.63, na hapo 4K inaanza kuwa na maana, tena kwa anayekaa karibu. Kama unaishi chumba na sebule, na kochi liko mita mbili na nusu kutoka ukutani, usilipie 4K kwenye inchi 32 wala 43. Hizo tofauti za bei zipeleke kwenye kioo bora au spika. Na neno HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, kwenye TV za bei hii humaanisha tu kwamba inaipokea picha ya HDR; mwanga wa kuionesha inavyotakiwa haina.

Taa sasa, maana hapa ndipo TV nyingi zinapofia. Nyuma ya kioo kuna mistari ya taa ndogo za LED zilizofungwa kwa mfululizo, umeme unapita kwenye moja ndipo ufike kwenye inayofuata. Moja ikikatika, mstari mzima unazima, na mara nyingi bodi inaamua kuzima zote. Unabaki na sauti bila picha. Ukimulika kioo kwa tochi kwa karibu utaiona picha ikitembea gizani. Hiyo ni dalili kwamba kioo ni kizima na tatizo ni taa. Taa zenyewe ni rahisi kupatikana, ila kuzifikia lazima kioo kivuliwe, na kioo cha TV nyembamba hupasuka kwa kosa dogo tu la mkono. Mpe mtu aliyeizoea kazi hiyo.

Kinachoziua taa ni joto, na joto linatokana na mwanga uliofunguliwa mwisho. TV nyingi hutoka kiwandani mwanga ukiwa juu kabisa ili zing'ae dukani. Siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa taa za nyuma, ushushe mpaka 60 au 70 kati ya 100. Macho yatazoea jioni hiyohiyo, na taa zitadumu zaidi.

Umeme nao. Nyingi nyuma zimeandikwa 100–240V, kwa hiyo umeme mdogo zinauvumilia vizuri. Kinachozimaliza ni ule unaoruka juu pale umeme unaporudi baada ya kukatika. TV za bei nafuu mara nyingi zina bodi moja inayobeba kila kitu, umeme, taa na programu pamoja, hivyo mshtuko mmoja unaondoka na vyote. Nunua TV gadi, kile kifaa cha kuikinga TV na umeme unaoruka, siku hiyohiyo. Ukikosa, umeme ukikatika zima swichi ya ukutani na usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi.

"Double glass" mnayoiona kwenye matangazo ni kioo kigumu kilichowekwa mbele ya kioo chenyewe. Kwa nyumba yenye watoto wanaorusha vitu naiunga mkono kabisa. Inaongeza uzito na inaakisi mwanga wa dirisha; ubora wa picha hauongezi.

Ukienda dukani beba futi kamba na flashi. Inchi 32 halisi, kona hadi kona ya sehemu inayoonesha picha, ni takribani sentimita 80. Kwenye flashi weka picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nyeupe itakuonesha madoa na mistari ya giza ya taa, nyeusi itakuonesha kona zinazovujisha mwanga, nyingine zitakuonesha nukta zilizokufa. Unganisha na hotspoti ya simu yako palepale. Nyingi hukamata Wi-Fi ya 2.4GHz tu, hivyo hotspoti iliyowekwa 5GHz hazitaiona. Uliza kama ina DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha chaneli za dijitali za antena. Chaneli za kulipia bado zitataka king'amuzi chao.

Na bando lifikirie kabla ya TV. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida ni hadi GB 1, ya HD hadi GB 3. Kama nyumbani unategemea kifurushi cha simu, nunua TV ya kawaida yenye kioo kizuri na HDMI mbili. Kama una intaneti ya mwezi, chukua hiyo smart, mradi muuzaji aandike muda wa dhamana na namba ya TV kwenye risiti, na taa ziwe ndani ya dhamana hiyo.