Pointi 35 za Umisseta hazikupeleki NBA, na mengine niliyochoka kuyasikia

Nafundisha magadi wa basketi, wale wa kuendesha mpira, hapa Arusha, madogo wa Ngarenaro, Kijenge na Sakina, na kila Umisseta, yale mashindano ya shule za sekondari, ikiisha ni wimbo ule ule: kochi, nimefunga pointi 35, niunganishie wakala. Mzazi naye anakuja nyuma na simu, ananionyesha klipu, mtoto anapiga krosi, anapiga stepbeki, rimu haina hata neti, watu wanapiga kelele. Sawa, kafunga. Ila kwenye klipu nzima sijaona hata mara moja anakaba mtu.

Hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba gadi anayehangaika kwenye ligi ndogo za Marekani anaitwa NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko, siku akianza kufunga sana. Hebu angalieni timu yenyewe ilivyo. Timu ya NBA ina nafasi 15 za mkataba kamili na 3 za tuwei, ule mkataba wa kupanda na kushuka kati ya NBA na G League, ligi ndogo ya NBA. Wafungaji wanao tayari, wanawalipa mamilioni na mpira unakaa mikononi mwao. Sasa mtu akiumia Januari wakataka gadi wa haraka, hawamtafuti wa kumnyang'anya staa wao mpira, wanatafuta mtu wa kukaba dakika 8, akiachwa peke yake kwenye kona atupe mpira wa pointi tatu uingie, asipoteze mpira, na awe ameshika mifumo ya timu ndani ya siku mbili tatu. Basi. Ndo kazi iliyopo.

Alex Caruso, gadi wa NBA, aliwahi kulisema hili kwenye podikasti ya JJ Redick, mchezaji wa zamani wa NBA, na mi sina namna ya kulisema vizuri zaidi: wengi G League wanajipeleka kwenye usaili wakidhani nafasi ni ya mkurugenzi mkuu, kumbe wanatafutwa watu wa kusafisha vyoo. Na Caruso kayapitia mwenyewe. 2016 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya, akacheza Oklahoma City Blue kwenye ligi ndogo, 2017 Lakers wakampa tuwei, 2020 akabeba ubingwa na Lakers na 2025 akabeba tena na Oklahoma City. Mwaka huo huo wa 2025, mechi ya 7 ya mtoano dhidi ya Denver, yeye gadi wa mita 1.96 alipangwa kumkaba Nikola Jokić, pivoti wa Denver mwenye mita 2.11, na akamsumbua kweli kweli. Mtu anafanya hivyo halafu dogo wangu wa form 3 ananiambia kukaba ni kazi ya mapivoti, wale warefu wa chini ya rimu!

Au mchukue Gary Payton II. Baba yake ni yule Gary Payton mwenyewe, staa wa zamani wa NBA, jina analo, ila 2016 hakuchaguliwa, akazunguka timu na timu, mikataba mifupi mifupi, akarudi G League na 2021 akapewa tuzo ya mkabaji bora wa ligi hiyo. Ndipo Warriors wakamchukua kwa mkataba wa siku 10, na msimu uliofuata alikuwa bingwa wa NBA. Warriors hata hawakumchezesha kama gadi wa kawaida wakiwa na mpira, alikuwa anaweka skrini, yaani anasimama kumzuia mkabaji ili mwenzake apite, na kukata chini ya rimu kama mtu mrefu, na wala hakununa. Wakati wangu hapa nikimwambia mtu leo weka skrini tu, ananiangalia kama nimemtukania ukoo.

Kwa hiyo kwangu mpira hauguswi mpaka miguu imalizwe, kuteleza kushoto kulia, chini kabisa, mapaja yawake moto, halafu dribo ya mkono wa kushoto peke yake. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, pumzi mnapata bure, itumieni. Mtanuna, nuneni tu.

Nyingine hii, "asipochaguliwa kwenye drafti kaisha". Drafti ina raundi 2, majina kama 60 hivi kwa dunia nzima, kwa hiyo kuachwa ni jambo la kawaida. Fred VanVleet aliachwa 2016, akapita Raptors 905, timu ya ligi ndogo ya Toronto Raptors, 2019 akawa bingwa wa NBA na 2022 akacheza All-Star, ile mechi ya mastaa wa NBA. Jonathon Simmons alilipa dola 150 za kwake mfukoni ajaribiwe na timu ya ligi ndogo ya Spurs pale Austin, 2013, na miaka miwili baadaye alikuwa Spurs wenyewe.

Halafu "ligi ndogo ni ya waliofeli". Hii sisi Watanzania ndo tungekuwa wa mwisho kuisema. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha Memphis walishamshusha Dakota Wizards akapate dakika. Kama namba 2 anashushwa, we nani? Siku hizi kila timu ya NBA ina timu yake G League na wachezaji kibao mnaowaona kwenye tivii wamepita huko.

Na "mfupi hawezi": Isaiah Thomas ana mita 1.75, alichaguliwa wa 60, wa mwisho kabisa, 2011, na msimu wa 2016/17 alikuwa na wastani wa pointi 28.9 kwa mechi. Inawezekana, ila ni wachache sana, msinitafutie sababu ya kuacha kukaba.

"Akiitwa tu katoboa." Mkataba wa siku 10 ni siku 10 kweli. Timu moja inaweza kukupa miwili tu kwa msimu, baada ya hapo ikubakize mpaka msimu uishe au ikuache, na ukiachwa unarudi kwenye mabasi ya G League.

Na wale wanaoniambia kijana wa miaka 23 kazeeka. Andre Ingram, gadi, alikaa kwenye ligi ndogo miaka 10, pembeni anafundisha watoto hesabu apate hela ya kula, ndipo Aprili 2018 Lakers wakamwita akiwa na miaka 32. Mechi ya kwanza dhidi ya Houston akafunga 19, mitupo ya pointi tatu iliingia 4 kati ya 5. Ya pili akafunga 5 na kutoa pasi 6 za vikapu. Msimu ukaishia hapo, na uliofuata akarudi zake South Bay, timu ya ligi ndogo ya Lakers.