Je, wajua daktari wa Pemba anayemwandikia Mbunge kuhusu dawa amebisha hodi nyumba isiyokuwa yenyewe?

Kituo cha afya cha shehia kikiishiwa dawa za presha mara kwa mara, ushauri wa mwanzo anaoupata daktari ni huu: "Mwandikie Mbunge." Bahati mbaya, afya si jambo la Muungano. Orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba ya 1977 ina mambo 22. Polisi wamo, sarafu imo, hata elimu ya juu imo, afya haimo. Fedha za vituo vya Unguja na Pemba hazipitishwi Dodoma, hupitishwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Chukwani.

Kuchanganya si ajabu. Jimbo moja lina Mbunge na Mwakilishi (mjumbe wa Baraza hilo), na wakati wa kampeni picha zao hubandikwa ukuta mmoja. Juu ya hayo, Baraza huchagua wajumbe wake watano wakawe wabunge pia. Hao wana viti viwili, na kwa habari ya dawa za kituo, chenye kazi ni cha Chukwani.

Kosa jengine ni la wakati. Wengi huandika Juni, bajeti ikishasikika redioni, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bajeti ni kama halua ya Wete: iliki na lozi hutiwa sufuria ikiwa bado motoni, mwiko unazunguka. Ikishapakuliwa vikapuni, mwenye kuja na lozi zake atazibandika juu tu. Wizara hupika makadirio miezi kadhaa kabla, Kamati ya Ustawi wa Jamii huonja, halafu Waziri hupakua mbele ya Baraza. Anayetaka mkunga wa pili aandike Novemba hivi.

Nje ya msimu huo kuna swali. Mwakilishi humuuliza Waziri swali la msingi, na jibu likiwa la juu juu, hufuata la nyongeza. Barua ya "dawa hazitoshi" huzaa jibu la "Serikali inalifanyia kazi". Ukurasa mmoja wenye hesabu kutoka leja ya dawa haukwepeki hivyo. Kwa mfano: "Machi, dawa ya presha amlodipini ilikosekana siku 19 kati ya 31. Tuliagiza vidonge 6,000, vikaja 1,800." Hapo swali limeshajiandika.

Kama barua moja iliwahi kubadilisha bajeti ni vigumu kuthibitisha, maana makadirio hayaandiki nani aliomba nini.

Daktari wa Serikali aanze kwa mkuu wa kituo na uongozi wa afya wa wilaya. Barua ya jumuiya ya kitaaluma humkinga zaidi kuliko ya jina lake peke yake. Jina la mgonjwa lisiwemo, na kulificha hakutoshi: shehia ndogo ukitaja "mvuvi wa miaka 38 mwenye kisukari", mpaka watoto wa skuli wanamjua.

Barua ipelekwe kwa mkono ofisi ya jimbo, nakala kwa Katibu wa Baraza, na nakala ya mwandishi igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, baada ya wiki mbili hakuna barua. Ndani yake awekwe mwaliko wa kutembelea kituo siku ya kliniki ya presha, saa mbili asubuhi, foleni ikiwa bado imefika mlangoni.